Vifo vya Wanambuzi na Wanakondoo Arua na Koboko: Sababu Zake na Namna ya Kuvipunguza



Huenda mtu akauliza chama cha wafanyakazi kina habari gani na kinyesi cha mbuzi. Kurasa hizi zimezoea kuzungumza mishahara, saa za ziada, viatu vya kazi na kesi za watu walioachishwa kazi bila ya haki. Lakini wenzetu wanaotoka West Nile, wawe wanakata miwa Kakira, Lugazi au Kinyara, au wawe viwandani Jinja na Kampala, wanalijua jibu bila ya kuambiwa. Tangu zama za ukoloni, serikali ilipoifanya West Nile kuwa kisima cha kuchotea vibarua wa mashamba makubwa ya kusini, mtu wa Arua na wa Koboko amekuwa na hazina mbili: mshahara huku, na mifugo kule. Mshahara huishia kwenye posho, sabuni na kodi ya chumba. Mbuzi ndiye anayelipa karo ya shule, dawa za hospitali, gharama za matanga na sehemu ya mahari. Ng'ombe hauzwi kwa jambo dogo. Mbuzi huuzwa asubuhi, na mchana mtoto yuko darasani.

Wazee wetu watakumbuka pia kwamba baada ya vita vya mwaka 1979 watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani, na waliporudi katika miaka ya 1980 walikuta mazizi matupu. Zizi lililoanza upya kwa mbuzi jike mmoja au wawili haliwezi kukua ikiwa nusu ya wanaozaliwa hawafiki umri wa kuachishwa ziwa. Kwa hiyo habari ikija kutoka nyumbani kwamba wanambuzi wanne wamekufa ndani ya wiki mbili, mfanyakazi hujua papo hapo kwamba karo ya muhula imezikwa.

Desturi ni kwamba habari hiyo huja pamoja na ombi: wanambuzi wanahara, leta fedha ya dawa ya minyoo. Fedha hupelekwa. Chupa hununuliwa dukani, wanambuzi hunyweshwa, na siku tatu baadaye wengine wawili wamekufa. Hapo ndipo watu huanza kusema dawa ni bandia, au mwenye duka ametia maji, au jirani ana jicho baya. Hatukatai kwamba dawa bandia zipo. Lakini mara nyingi dawa ilikuwa halali kabisa, ila ilikuwa dawa ya adui mwingine. Katika matumbo ya mbuzi na kondoo wachanga kuna maadui wa namna mbili wanaoua zaidi kuliko wengine, na dawa inayomwua mmoja haimgusi wa pili. Tukilielewa jambo hili moja, tutaokoa wanambuzi na fedha pia.

ADUI ASIYE MNYOO

Adui wa kwanza anaitwa koksidia. Wenye kufuga kuku wanamfahamu, maana ndiye anayeleta kuhara damu kwa vifaranga. Si mnyoo. Ni mdudu mdogo sana asiyeonekana kwa macho, ambaye mwili wake wote ni chembe moja, naye huishi ndani ya ngozi laini ya utumbo. Humo huzaliana kwa kupasua chembe za utumbo wenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka sehemu kubwa ya ngozi hiyo imechubuka. Utumbo uliochubuka hauwezi kunyonya chakula wala maji, na ndiyo maana mnyama huhara, hukauka na kudhoofika ingawa bado ananyonya.

Tuseme hapa, kwa sababu swali hili huulizwa sana, kwamba koksidia wa kuku hawamdhuru mbuzi, na wa mbuzi hawamdhuru kuku. Kila mnyama ana wa kwake. Hata mbuzi na kondoo, walio ndugu, kwa kawaida hawaambukizani koksidia. Kwa hiyo kuku anayelala pembeni ya zizi asilaumiwe kwa kosa hili, ingawa si vizuri akachafua maji na chakula cha mbuzi.

Koksidia hutoka na kinyesi wakiwa ndani ya vijiyai vyenye ganda gumu. Kijiyai kikitoka leo hakiwezi kuambukiza leo. Kinahitaji siku chache za unyevu, joto na hewa ili kipevuke, na zizi lenye kinyesi kilicholowa mkojo humpa vyote vitatu. Kikishapevuka huweza kukaa kwa miezi mingi mahali penye kivuli na unyevu, na dawa nyingi za kusafishia sakafu hazikifanyi kitu. Vitu vinavyokishinda ni jua kali, ukavu na maji yanayochemka. Mwanambuzi huvimeza vijiyai hivyo akinyonya chuchu iliyopakaa kinyesi, akilamba ukuta, akila majani yaliyomwagwa sakafuni, au akinywa maji ya karai ambalo wakubwa wameingiza miguu. Kijiyai kimoja kilichomezwa huzaa maelfu kwa maelfu, na baada ya wiki mbili au tatu mnyama huanza kuhara.

Kwa sababu hiyo ugonjwa huu ni wa wachanga. Huanza kuonekana tangu umri wa wiki tatu hivi, na huwapata sana wale wa mwezi mmoja hadi miezi mitano, hasa wakati wa kuachishwa ziwa, wanapohamishwa, au mvua ikiwanyeshea usiku kucha. Mbuzi wakubwa wanao koksidia pia, lakini miili yao imekwisha kuwazoea. Hawaumwi, ila hutoa vijiyai kila siku. Mama mwenye afya nzuri, manyoya yanayong'aa, ndiye anayemwambukiza mtoto wake. Mwanambuzi akipata vijiyai vichache vichache, mwili wake hujifunza kupigana navyo na hukua bila ya matatizo. Akipata vingi kwa mara moja, hufa. Kwa hiyo kazi yetu ni kupunguza wingi, kwani kuvimaliza kabisa hakuna awezaye.

Dalili zake: kinyesi hukosa umbo la punje, huwa kama uji, kisha maji, chenye harufu mbaya na pengine ute au damu. Mnyama hujikamua kama anayetaka kwenda haja na hakuna kitu. Mkia na mapaja huchafuka, macho huingia ndani, na ngozi ikivutwa shingoni hukawia kurudi. Wengine hufa kabla hata ya kuhara sana. Wanaopona hubaki wamedumaa kwa miezi, na sokoni bei yao ni ya chini.

Sasa, dawa za minyoo zinazouzwa kila duka, yaani albendazoli, levamisoli na ivermektini, hazimwui koksidia. Hata chupa nzima haitamwua. Dawa zake ni za jamii ya salfa, au amproliamu, au toltrazurili. Amproliamu mara nyingi utaikuta kwenye rafu ya dawa za kuku, na hapo ndipo watu hupita bila ya kuitazama. Kipimo cha mwanambuzi si cha kuku, kwa hiyo aulizwe afisa wa mifugo wa gombolola, na siku zake zitimizwe zote hata kama mnyama ameonekana mzima siku ya pili.

Kuna jambo lingine ambalo hata wauza dawa wengi hawalisemi. Damu inapoonekana kwenye kinyesi, koksidia wamekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi yao. Dawa humsaidia mgonjwa huyo kidogo tu. Anayefaidika nayo zaidi ni mwenzake wa umri ule ule, aliyelala naye zizi moja, ambaye bado hajaanza kuhara. Akiugua mmoja, watibiwe wote wachanga wa zizi lile. Aliyekwisha kuhara apewe kwanza maji: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, huku akiendelea kunyonya. Asiachishwe ziwa ati kwa kuwa maziwa yanamharisha.

MNYOO ANAYEKUNYWA DAMU

Adui wa pili ni mnyoo hasa, tena mwembamba kama uzi, urefu wake sentimita mbili au tatu. Ukimchinja mbuzi aliyekufa kwa ugonjwa huu na kulifungua tumbo la nne, lile dogo linalopokea chakula kabla ya utumbo mwembamba, utawaona wakicheza. Jike ana mistari miwili iliyosokotana, mwekundu na mweupe, kwa sababu utumbo wake uliojaa damu umejizungusha na mfuko wake wa mayai. Wataalamu humwita hemonkasi. Sisi tumwite mnyonya damu.

Tufanye hesabu, maana hesabu hii inatisha kuliko maneno. Mnyonya damu mmoja humpotezea mnyama kiasi cha sehemu moja ya ishirini ya mililita ya damu kwa siku. Hicho si kitu. Lakini minyoo elfu moja, ambayo si idadi ya ajabu wakati wa mvua, huondoa mililita 50 kila siku. Mwanambuzi wa kilo nane ana damu ya karibu nusu lita tu mwilini mwake. Kila siku anapoteza sehemu moja katika kumi. Mwili hujitahidi kuirudisha, lakini chakula chenyewe ni kidogo, na baada ya wiki chache hushindwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mnyonya damu mara nyingi haleti kuhara. Kinyesi huweza kuwa punje nzuri kavu mpaka siku ya kufa. Ndiyo maana watu husema mbuzi alikuwa mzima, alianguka tu akiwa njiani kwenda kunywa maji. Hakuwa mzima, alikuwa hana damu. Dalili zake ni weupe ndani ya kope na kwenye ufizi, uchovu, kubaki nyuma ya kundi, na uvimbe laini chini ya taya kama mfuko wa maji, unaoonekana zaidi jioni baada ya mnyama kuinamisha kichwa kutwa akila.

Basi tofauti kubwa ni hii: mwanambuzi wa miezi miwili anayehara maji au damu na kope zake bado ni nyekundu, mshuku koksidia. Mwenye kope nyeupe na taya lililovimba, kinyesi kikiwa kizuri, mshuku mnyonya damu. Kwa bahati mbaya wako wanaopatwa na yote mawili, na wako minyoo wengine wa utumbo mwembamba wanaoharisha pia. Hapo jicho peke yake halitoshi na darubini inatakiwa.

Na mtu asiogopeshwe na vile vipande vyeupe kama punje za mchele vinavyoonekana kwenye kinyesi. Hizo ni pingili za tegu wa mbuzi. Kwa kuwa ndiye mnyoo anayeonekana kwa macho kwenye kinyesi, amebeba lawama za wote. Tegu huyo ana madhara madogo. Fedha inayotumika kumfukuza yeye mara nyingi ingefaa kwingine.

KAMBA

Tumefika mahali ambapo tungependa msomaji atulie kidogo, maana hapa ndipo penye chanzo cha vifo vingi vya kwetu, na hapahitaji dawa.

Mbuzi kwa maumbile yake si mla nyasi za chini. Mwache huru na utamwona akisimama kwa miguu ya nyuma kutafuta majani ya vichaka. Kondoo ndiye anayekula chini, na ndiyo maana kondoo amejenga nguvu fulani ya kupambana na minyoo ambayo mbuzi hana. Wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mavuno yakiwa yameondolewa, mbuzi wa Arua na Koboko huachiwa watembee wapendavyo. Hukonda kidogo kwa kukosa majani, lakini hawafi kwa minyoo. Jua limekausha kila kitu.

Kisha mvua hufika, mwishoni mwa Machi au Aprili. Watu hupanda maharagwe, karanga, mtama, ufuta na muhogo, na mbuzi atakayeonekana shambani kwa mtu ataleta kesi kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa hiyo hufungwa kamba. Hilo ni haki, kwani jirani naye ana jasho lake. Lakini tazama kinachotokea. Kamba ya mita tatu humpa mbuzi duara la mita za mraba 28 hivi. Anakula, anakunya, analala na mtoto wake humo humo. Watoto wakiwahi shule asubuhi, kigingi hupigwa pale pale pa jana, karibu na nyumba, ambapo nyasi zimekwisha kuwa fupi kama zulia.

Mnyonya damu jike hutaga mayai elfu tano hadi elfu kumi kwa siku. Mbuzi mwenye majike mia moja tu hudondosha katika duara lile si chini ya mayai laki tano kutwa. Kwenye unyevu na joto la kwetu, yai huanguliwa kwa siku moja hivi, na baada ya siku nne hadi saba kiluwiluwi yuko tayari kumezwa. Naye hana miguu, wala hawezi kupanda jani kavu. Huogelea katika utando wa umande, na wengi wao hawapandi zaidi ya upana wa vidole vitatu kutoka ardhini. Mbuzi aliye huru, anayekula majani ya kichaka kwa urefu wa pua yake, hawakuti. Mbuzi wa kamba, anayekwangua nyasi fupi saa moja asubuhi zikiwa zimelowa, huwameza kwa maelfu. Tunamfunga mnyama wa vichaka tukamgeuza kuwa mla mavi yake mwenyewe, halafu tunashangaa.

Isitoshe, mnyoo huyu ana ujanja wa kungojea. Wakati wa kiangazi baadhi yao hulala ndani ya tumbo la mama bila ya kukua wala kutaga. Mvua zikikaribia huamka wote pamoja, na mara nyingi ni wakati ule ule mama anapozaa, mwili wake ukiwa umechoka. Mayai humwagika ardhini kwa wingi majuma yale yale ambayo mwanambuzi anaanza kuonja jani lake la kwanza.

Kamba haiwezi kuachwa, tunalijua hilo. Lakini kigingi kinaweza kuhama. Wataalamu waliofanya kazi katika visiwa vya Tonga, Bahari ya Pasifiki, kwenye joto na mvua nyingi, waligawanya malisho ya mbuzi katika vipande kumi mnamo miaka ya 1990. Mbuzi walikaa siku tatu na nusu kwenye kila kipande, kisha kipande kikapumzika siku 31 hivi kabla ya kurudiwa. Minyoo ilipungua sana. Sababu ni kwamba kabla ya siku ya nne viluwiluwi wengi bado hawajapevuka, na baada ya mwezi wa joto na unyevu wengi wamekwisha kufa kwa njaa. Nyumbani si lazima kuwe na seng'enge. Kigingi kihamishwe kila siku, na mahali palipotumika pasirudiwe mpaka mwezi upite. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya kazi hii akielezwa sababu yake.

Pili, mbuzi asitolewe mpaka umande ukauke. Tatu, pale ambapo nafasi ya kuhamisha kigingi haitoshi, majani yakatwe na kuletwa, ya mti wowote ambao mbuzi wa pale wamezoea kula, yafungwe kama mzigo na kuning'inizwa kwa urefu wa kichwa cha mbuzi. Chakula kisiguse chini. Jambo hili moja huwapiga maadui wote wawili kwa pamoja, koksidia na mnyonya damu, na gharama yake ni panga na kipande cha kamba.

KUHUSU DAWA ZA MINYOO

Kuna wanaowapa mifugo wote dawa kila mwezi kama ratiba ya kanisani. Ni fedha nyingi, na mwisho wake ni mbaya. Dawa ikimwagwa hovyo, minyoo dhaifu hufa, na wale wachache wasiosikia dawa hubaki na kuzaana. Kenya na Afrika Kusini minyoo sugu wa mbuzi na kondoo wamekwisha kuthibitishwa kwa miaka mingi. Wakulima wa Afrika Kusini walipobanwa na jambo hili, walibuniwa katika miaka ya 1990 kadi yenye rangi tano ya kulinganisha na kope ya mnyama, kuanzia nyekundu hadi nyeupe, ili anyweshwe dawa yule tu anayeihitaji.

Hata bila ya kadi, jicho la mwenye mifugo huweza kufundishwa. Mchana, nje, penye mwanga, bonyeza kope ya juu kwa kidole gumba na uivute ya chini. Nyekundu iliyoiva, mwache. Waridi hafifu, mpe dawa ikiwa ni mchanga au mama anayenyonyesha. Nyeupe kama muhogo uliomenywa, mpe leo, asingoje kesho. Wakati wa mvua watazamwe kila baada ya wiki mbili. Utaona kwamba katika kundi ni wachache tu walio na hali mbaya, na mara nyingi ni wale wale kila mara. Jike ambaye kila mvua ni lazima aokolewe kwa dawa, yeye na watoto wake, huyo ndiye wa kuuzwa sikukuu ikifika.

Kipimo nacho ni mahali pa makosa. Mbuzi huiondoa dawa mwilini upesi kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo kilichoandikwa kwenye chupa mara nyingi humpungukia mbuzi. Lakini mtu asiongeze kwa kukisia, kwani levamisoli ikizidi ni sumu, na albendazoli haifai kwa jike mwenye mimba changa. Afisa wa mifugo ndiye wa kusema kiasi. Kazi yetu ni kujua uzito. Wanunuzi wa mazao vijijini wana mizani ya kuning'iniza. Mwombe mwenye mizani dakika kumi, mtie mwanambuzi kwenye gunia, kichwa kikiwa nje, upime.

Ushauri wetu mwingine ni wa kiumoja, kama ulivyo mwenendo wa chama. Chupa moja kubwa ikinunuliwa na nyumba tano zinazolisha mahali pamoja, dukani penye risiti, bei humgawanyikia kila mmoja, na mnunuzi ana pa kurudi ikiwa dawa si halali.

NYUMBA YA USIKU

Wengi hulaza mbuzi jikoni au katika kibanda kidogo chenye sakafu ya udongo, kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ni ya kweli. Lakini kibanda kilichojaa, chenye kinyesi cha wiki tatu, ndicho shamba la koksidia. Dawa yake ni kichanja: sakafu ya fito iliyoinuliwa kama mita moja kutoka ardhini, fito zikiachana kwa upana wa kidole, ili kinyesi kipite na kwato la mtoto lisinase. Paa liwe la kuzuia mvua na ukuta upitishe hewa. Kinyesi kinachokusanywa chini kirundikwe mbali mpaka kioze na kuwa mbolea, ndipo kipelekwe shambani. Penye sakafu ya udongo, kifagiliwe kila siku na matandiko yaanikwe juani. Wachanga wakipata chumba chao cha kulala, kilichotenganishwa kwa fito na kile cha wakubwa wasio mama zao, hiyo ni nusu ya vita. Na kila mtoto anyonye dang'a mapema, saa zile za kwanza baada ya kuzaliwa. Anayeikamua dang'a yote kwa ajili ya nyumba anakata mti anaoukalia.

Kichanja hujengwa kiangazi, fito zikiwa kavu na kazi za shamba zikiwa chache. Kwa mfanyakazi aliye mbali, hapa ndipo likizo yake inapoingia. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku saba za likizo yenye malipo kwa kila miezi minne ya utumishi usiokatika, yaani siku 21 kwa mwaka. Anayeiomba mapema ili impate Desemba au Januari huweza kujenga kichanja na kurudi kazini kabla ya mvua. Anayenyimwa aende kwa mwakilishi wake wa chama, kwani likizo ni haki yake kisheria.

TAHADHARI

Si kila kuhara ni kwa maadui hawa. Ikiwa wanyama wanahara huku wakitoka machozi na kamasi nzito, wana vidonda mdomoni na homa kali, tena wakubwa kwa wadogo wanakufa pamoja, hiyo huenda ni sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Uganda kwa mara ya kwanza huko Karamoja mwaka 2007. Koboko iko pembeni inapokutana mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini, na mifugo haijui mpaka. Hapo usimwuze mgonjwa wala usimhamishe. Mpashe habari afisa wa mifugo siku ile ile, kwani sotoka ina chanjo, na chanjo hufanya kazi kabla ya ugonjwa kuenea. Mbuzi yeyote aliyenunuliwa sokoni atengwe wiki mbili hadi tatu na apewe dawa ya minyoo kabla ya kuchanganywa na wengine.

Wachungaji wadogo nao wanawe mikono kwa sabuni baada ya kushika mwanambuzi anayehara. Koksidia wa mbuzi hawamwingii mtu, lakini kinyesi cha mnyama mchanga hubeba vijidudu vingine vinavyoweza kuharisha watoto wetu.

Koboko ni wilaya yake yenyewe tangu mwaka 2005, na Arua ilipata hadhi ya jiji mwaka 2020, kwa hiyo kila upande una ofisi yake ya mifugo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Abi, karibu na Arua, kimewekwa kwa ajili ya mkoa huu wote. Anayepeleka kinyesi kupimwa asikiokote chini. Achukue kile kinachotoka mnyama anapokunya, punje kumi hivi, kwenye mfuko safi wa plastiki, aufunge hewa ikiwa imetolewa, auweke mbali na jua na kuufikisha siku hiyo hiyo, kwani mayai yakianguliwa njiani hesabu haitakuwa ya kweli. Kila mfuko uandikwe umri wa mnyama, siku alipoanza kuugua, na jina la dawa yoyote aliyokwisha kupewa, hata ile ambayo haikusaidia.